Soksi za buti: Kilimanjaro mwezi wa saba, pori la Rungwa mwezi wa nane

Swali limetoka kwa kijana wa Morogoro, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mkuu. Mwezi wa saba napanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame siku saba, mwezi wa nane naenda kuanza kazi ya kusaidia wasaka nyayo kwenye kitalu cha uwindaji huko Rungwa. Buti ninazo. Soksi nimenunua jozi sita mpya, nene, dukani wakaniambia ndo za buti hizo. Juzi nikapanda nazo Morningside, huku milima ya Uluguru, kujipima, nimerudi na malengelenge visigino vyote viwili na soksi ya kulia imeshatoboka. Lebo imeandika pamba asilimia 80. Tatizo ni buti au soksi? Na soksi za baridi ya mlimani naweza kuzivaa kwenye joto la porini?"

Marahaba mdogo wangu, pole na visigino. Hayo malengelenge kama hayajapasuka na hayakunyimi usingizi usiyatoboe, ile ngozi ya juu ndo bandeji nzuri kuliko zote, yaache yakauke yenyewe na siku hizi mbili tatu tembea na ndala. Umefanya jambo la maana sana kujipima Morningside mapema, maana wengi wanakuja kugundua wakiwa kambi ya Shira na bado wana siku tano mbele yao.

Mi niko mlimani mwaka wa 19 huu, minne ya mwanzo nilikuwa napandisha mizigo, iliyobaki naongoza wageni, na katikati hapo nilifanya misimu miwili huko huko Rungwa, kwa hiyo pande zote mbili unazouliza nimezitembea. Nikikujibu moja kwa moja: kosa la kwanza ni pamba, kosa la pili ni unene, na lile tundu la kulia nahisi ni buti yenyewe ndo inakula soksi, nitalifikia.

Tuanze na pamba. Pamba ni nzuri kwa fulana, kwa shuka, kwa kanga, ila ndani ya buti haifai kabisa, kwa sababu ikinywa jasho inakaa nalo. Mguu kwenye buti unatoka jasho hata kama nje kuna baridi, yani ukishapanda saa moja au mbili we umeshavaa tambara bichi bila kujua, na ngozi iliyolowa inalainika kama vile vidole vya mtu aliyetoka kufua ndoo tatu za nguo. Ngozi ya namna hiyo haivumilii.

Afu watu wengi wanadhani lengelenge linatokana na soksi kukwangua ngozi. Fanya hivi hapo ulipo: weka kidole cha shahada nyuma ya kiganja cha mkono mwingine, bonyeza, sukuma mbele na nyuma lakini usiruhusu kidole kiteleze. Umeona ngozi inavyokwenda na kidole huku mifupa ya chini imebaki palepale? Basi kisiginoni ni hivyo hivyo, mfupa unapanda na kushuka kila hatua, ngozi imeng'ang'aniwa na soksi iliyolowa haiendi popote, ule mvutano unachana tabaka za ngozi kwa ndani na maji yanaingia kujaza nafasi. Hatua maelfu kwa siku. Ndo maana soksi nzuri ina kazi mbili tu za msingi, kuutoa unyevu kwenye ngozi na kuruhusu kitu kingine kiteleze badala ya ngozi yako kuvutwa. Joto linakuja baada ya hapo.

Kuna mzee mmoja mgeni tulishuka naye kutoka Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, buti yake ya gharama kweli kweli, soksi pamba nyeupe. Kila hatua anaegemea fimbo, mwishoni akawa anashuka kinyumenyume ili vidole visigonge mbele. Tulipofika kambi ya Mweka nikamvua buti mwenyewe, soksi ilikuwa imejikusanya chini ya unyayo kama kitambaa cha deki, na ule mkunjo umeacha mfereji mwekundu kwenye ngozi unaweza kuulaza kidole ndani. Buti haikuwa na kosa lolote.

Sasa unachotakiwa kutafuta ni sufu, ila sio ile sufu ya blanketi inayowasha, ni sufu ya kondoo wa merino ambayo nyuzi zake ni nyembamba sana kiasi kwamba zinapinda zikigusa ngozi badala ya kuchoma. Sufu inaweza kunywa maji kama asilimia 30 ya uzito wake na bado ukiigusa huisikii kama imelowa, na hata ikilowa haikosi joto kabisa kama pamba. Harufu pia haishiki haraka, hilo utalishukuru siku ya tano mkiwa watu wawili kwenye hema moja.

Lakini usidanganywe na anayekuambia tafuta sufu tupu asilimia 100. Sufu peke yake inakatika mapema, hasa kisiginoni na kwenye kidole gumba. Soksi inayodumu ni mchanganyiko: sufu kama nusu hadi robo tatu, nailoni robo au zaidi kidogo, na lastiki asilimia chache ya kuishikilia isishuke. Nailoni ndo misuli ya soksi, inavumilia msuguano kuliko sufu mara nyingi. Ukiona lebo ina mpangilio huo nunua bila wasiwasi. Kama sufu hujaipata kabisa basi chukua nailoni na poliesta, zinakauka haraka, zitanuka tu. Akriliki ina joto na ni rahisi ila inachoka upesi na kutoa vipele vipele. Pamba ikizidi robo ya soksi, rudisha.

Najua unachowaza, bei. Mpya za majina kama Darn Tough, Smartwool au Bridgedale huko nje jozi moja inacheza dola 20 mpaka 30, na hao Darn Tough wanatoa dhamana ya maisha, ukiitoboa unarudishiwa nyingine, ila kwa sisi wa huku kutuma soksi mpaka Vermont Marekani si jambo la kufikiria. Ushauri wangu wa kweli kabisa, nenda mitumbani. Wageni wengi wakishuka mlimani wanawaachia wapagazi vifaa, na sehemu ya hivyo vifaa vinaishia sokoni, kwa hiyo pale Memorial Moshi ukipekua kwa subira unapata soksi za merino zilizovaliwa safari moja tu. Karume Dar nako zipo ila zimechanganyika na za mpira na za shule, utapekua zaidi.

Shida ya mtumba ni kwamba lebo haipo, muuzaji kila soksi nene atakuambia sufu. Hapo kuna kipimo cha zamani na hakidanganyi. Nunua jozi moja kwanza, sogea pembeni, ing'oe uzi mdogo kwa ndani pale juu kwenye ukingo, ushike kwa koleo au pini ya nywele na uuwashe kiberiti. Sufu inawaka kwa uvivu, ukiondoa moto inazima yenyewe, inanuka nywele zilizoungua kabisa kama saluni ya kuchoma nywele, na majivu yake ni meusi ukiyafikicha yanakuwa unga. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi, inaacha majivu laini ya kijivu. Nailoni na poliesta hazitoi jivu, zinayeyuka zinajikunja halafu zinaganda kuwa kitone kigumu kama shanga, na usikiguse kikiwa cha moto kinanata kwenye ngozi. Ukipata harufu ya nywele na pia kitone kidogo kigumu mwishoni, hapo umepata mchanganyiko tunaoutafuta, rudi ukachukue zilizobaki.

Kabla ya kulipa igeuze soksi ndani nje. Chini ya unyayo na kisiginoni utaona vitanzi vidogo vidogo vya uzi kama vya taulo, hivyo ndo mto wa mguu. Kama vimelala na kuwa kama kapeti la zamani, mto umekufa hata kama soksi haina tundu. Ingiza mkono, nyoosha kisigino, inua kwenye jua: mwanga ukipita kama kwenye chandarua iache, imebakiza siku chache. Afu pitisha kidole kwenye mshono wa mbele ya vidole, kama unausikia umekaa kama kamba, mguu utausikia mara kumi zaidi siku ya kushuka.

Saizi sasa, na hapa wengi wanapuuzia. Soksi kubwa inakunjamana, ndogo inavutika inakuwa nyembamba palepale kisiginoni inapotakiwa kuwa nene. Ule mfuko wa kisigino lazima ukae juu ya kisigino chako, sio kwenye kifundo wala chini ya unyayo. Na kimo kiwe kirefu kuliko buti, vidole viwili juu angalau, la sivyo ukingo wa buti unakula mguu.

Turudi kwako. Uliniambia soksi nene, na nahisi buti ulizipima dukani ukiwa na soksi ya kawaida au mguu mtupu. Ukiongeza unene ndani ya buti ambayo ilishakuwa fiti, unabana mguu, damu haizunguki vizuri, na mguu usio na damu ya kutosha unapata baridi hata ukivaa soksi nne. Hili nalisema kila safari na kila safari kuna mtu anavaa mbili nene usiku wa kilele halafu analia vidole vimekufa ganzi. Chukua buti zako jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa shughuli za siku, vaa soksi ya merino ya unene wa kati, funga kamba, simama kwenye mteremko ukiangalia chini. Vidole vicheze, na visiguse mbele. Kisigino kisipande. Kama haiwezekani kwa soksi ya kati, shuka kwenye soksi nyembamba. Kama hata nyembamba inabana, hapo ndo tunaongelea buti nyingine.

Na kuna hila moja rahisi ya kukusaidia visigino hivyo ambavyo vimeshaumia: vaa soksi nyembamba sana ya nailoni kwa ndani, hizi hizi za ofisini za wanaume, afu juu yake ile ya merino. Msuguano unahamia kati ya soksi na soksi, ngozi inabaki salama. Ila iwe nyembamba kweli na ibane vizuri, na ujaribu kwanza nyumbani kama nafasi kwenye buti inatosha. Mifuko ya plastiki ambayo watu wanavaa kati ya soksi na buti kuzuia maji, achana nayo, jasho lote linabaki ndani na unajilowesha mwenyewe.

Kwa Machame siku saba jozi nne zinakutosha. Siku ya kwanza ni msitu kutoka geti la Machame, kama mita 1,800 kwenda karibu 3,000, kuna tope na mara nyingi mvua hata kiangazi, vaa ya unene wa kati. Ukifika kambi usikae na soksi ya kutembea hata dakika kumi, vua, kausha mguu na kitambaa hasa katikati ya vidole, vaa jozi ya kulalia ambayo haitoki nje ya hema, haivaliwi kwenye buti, haiendi chooni. Ile ya mchana ining'inize nje ya begi kwa pini kesho yake huku umevaa ya pili, jua la Shira linakausha vizuri, zinapokezana hivyo hivyo mpaka Barafu. Ikibaki na unyevu ilaze tumboni ndani ya begi la kulalia, joto la mwili litaikausha usiku.

Jozi ya nne, nene kidogo kuliko zote na yenye vitanzi mpaka kwenye ugoko, ifunge kwenye mfuko usioingiza maji na usiiguse. Hiyo unaivaa Barafu usiku wa kilele, mida ya saa tano usiku mkijiandaa kutoka. Huko juu joto linashuka mpaka nyuzi 10 au 20 chini ya sifuri, na tofauti ya soksi kavu na soksi ya jana yenye unyevu kidogo, hata kama ni aina moja, utaisikia kabla hujafika Stella Point, pale ukingoni mwa kreta. Buti uwe umeipima na soksi hiyo kabla hujatoka Morogoro, ikibana usiivae, vaa ya kati iliyo kavu.

Kushuka ndo kunaua miguu. Kutoka kilele cha Uhuru mita 5,895 mpaka kambi ya Mweka kama 3,100 ndani ya siku moja, kwanza kifusi cha changarawe halafu mawe halafu ngazi za msitu. Kabla hujaanza kushuka kutoka Barafu badilisha soksi, vaa ya unene wa kati, kaza kamba ya buti pale kwenye kifundo ili mguu usisogee mbele, na kucha uwe umezikata nyumbani siku mbili kabla, zinyooke, zisiwe na ncha. Kucha ndefu inatoboa soksi kwa ndani na kugeuka nyeusi kabla ya geti. Vumbi la volkano likiingia ndani linafanya kazi ya msasa, kwa hiyo gaita, vile vifuniko vya kuziba mdomo wa buti, zivae, na ukihisi sehemu inachoma kisiginoni simama pale pale, usimwonee aibu kiongozi wako, toa buti bandika plasta. Dakika tano hizo hakuna kiongozi wa maana atakayekunyima.

(Ukiwa na rafiki anayepanda kama mpagazi na hana vifaa, mwambie apite KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, pale Moshi, wanaazimisha wapagazi nguo za mlimani bila malipo.)

Sasa pori. Unauliza kama sufu itakuunguza kwenye joto la Rungwa. Merino wengi duniani wanafugwa Australia, kwenye jua kali, na wanaishi. Kinacholeta joto ni unene, sio sufu yenyewe. Kwa hiyo zile zile nene za kilele zifue uzihifadhi, huko porini chukua za merino nyembamba au nailoni na poliesta, mto uwe kisiginoni na vidoleni tu, kwingine kuwe na ufumaji mwepesi wa kupitisha hewa. Jozi tano, kwa sababu utabadilisha mara mbili kwa siku. Asubuhi majani yana umande, saa moja tu kufuata nyayo za nyati buti zimeshalowa, na kufika saa sita mchana mguu unapikwa. Mkisimama kivulini kunywa maji, vua, pangusa, vaa kavu, zile mbichi zifunge nje ya begi. Wasaka nyayo wazee niliofanya nao kazi hawakuwa na buti nzuri kama zako lakini hiyo tabia ya kupumzisha mguu hawakuikosa hata siku moja.

Rangi ni jambo zito huko kuliko watu wanavyodhani. Rungwa ina ndorobo, na ndorobo wanavutwa na bluu na nyeusi, ndo maana hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Chukua kahawia, kaki, kijani kilichofifia. Kimo kiwe cha katikati ya muundi ili uweze kuingiza suruali ndani ya soksi, kupe wapande juu ya kitambaa na uwaone kabla hawajafika kwenye ngozi. Na nje ya soksi kuwe laini, sio vitanzi, maana kishona nguo na mbegu za majani makavu zikiingia kwenye vitanzi zinapenya taratibu mpaka ndani, utatembea na sindano kwenye kifundo siku nzima. Ukipita penye upupu usikune, vua soksi ukiwa umeshika kwa ndani, ikung'ute mbali na uifue peke yake.

Lile tundu sasa. Soksi mpya kutoboka kwa matembezi ya siku moja, mguu mmoja tu, ni dalili. Ingiza mkono kwenye buti ya kulia, pitisha kidole polepole pale kisigino kinapokaa, kwa kufumba macho ukiweza. Utakuta ama kitambaa cha ndani kimechanika na plastiki ngumu imechungulia, ama kuna mshono umesimama, ama kokoto imejibana chini ya soli ya ndani. Fundi viatu mzuri anaweka kipande cha ngozi laini, anakibandika na kukishona kikae bapa kabisa. Usipofanya hivyo hata merino ya dola 30 itatoboka hapo hapo. Na soksi iliyotoboka kisiginoni ukiishona, ibaki ya kuvaa kambini, ule uvimbe wa uzi ndani ya buti ni lengelenge linalosubiri.

Kuzifua: maji baridi au vuguvugu, geuza ndani nje ili jasho na vumbi vitoke kwenye vitanzi, sabuni kidogo, usitie Jik, usitie ile ya kulainisha nguo, usikamue kwa kuzisokota bali zibonyeze kwenye taulo, anika kivulini. Maji ya moto na kufikicha kwa nguvu vinaigandisha sufu, soksi yako inatoka saizi ya mtoto wa chekechea. Na zile za porini usizianike juu ya moto wa kambi, nailoni inayeyuka kidogo kidogo kwa joto, kwa macho huoni, ila ukivaa unasikia sehemu imekuwa ngumu.

Hizo sita za pamba vaa nyumbani au mpe mtu wa kuvaa na raba. Ukija Moshi kabla ya safari, njoo Memorial asubuhi na kiberiti mfukoni, na uje na buti zako uzivae hapo hapo kila soksi unayoichukua. Ukishapita fundi niandikie umekuta nini ndani ya hiyo buti ya kulia.